Kompyuta ya Zamani Si Taka, Fungueni Stoo Zenu

Dada yangu mkubwa anaishi nami hapa Auburn, Sydney. Kila Ijumaa baada ya sala huwasha kompyuta yetu ya mwaka 2002 akamsikiliza marehemu baba akisimulia safari za majahazi baina ya Unguja na Sur. Sauti hizo nilizihamisha mwenyewe kutoka kwenye kaseti. Mwezi uliopita diski ikaanza kugonga, ta, ta, ta, na dada akaniita: "Hebu njoo, baba anakatika sauti."

Nikaipeleka kwa fundi. Hata hakuifungua. Akasema mashine ni kuukuu, diski za leo haziingii, tupa ununue mpya. Nimestaafu ualimu, nilisomesha fizikia, na jibu kama hilo ningelipa sifuri. Plagi kutoingia si sawa na kitu kutofanya kazi.

Jambo lenyewe ni hili. Mazabodi, yaani ule ubao mkuu wa ndani, za wakati ule zina soketi ya IDE yenye pini 40 na waya bapa mpana kama utepe. Diski za SATA zilianza kuuzwa mwaka 2003. Waya wake wa data ni mwembamba, una miguso 7 tu, na umeme wake huingia kwa plagi ya miguso 15 badala ya ile ya pini 4. Tofauti iko mlangoni. Kinachotakiwa ni mkalimani, na mkalimani yupo: adapta ndogo inayochomekwa nyuma ya diski mpya na kupokea ule waya bapa upande wa pili, pamoja na kipande cha waya wa kubadilisha plagi ya umeme.

Lakini mna mitego miwili. Kwanza, waya mmoja wa IDE hubeba diski mbili, kwa hiyo adapta lazima ielezwe, kwa kile kipini chake kidogo, kama diski hiyo ni ya kwanza au ya pili. Pili, mazabodi nyingi za zamani haziwezi kuona zaidi ya GB 137. Ndiyo maana sikununua diski kubwa. Nilichukua SSD ya GB 120, ikatosha na kubaki.

Na kabla ya yote, nakala! Diski inayogonga usiiwashe na kuizima ovyo. Tuliitoa, tukaiunga na laptopu ya mjukuu kwa waya wa USB, tukanakili sauti zote mahali pawili. Baada ya hapo ndipo tulipoigusa mashine.

Mjukuu aliniuliza, "Babu, kwa nini usitie kwenye simu tu, yaishe?" Kweli, na kwenye simu zimo. Lakini dada ana miaka 74, na kompyuta anayoijua ni hiyo. Kumnyang'anya kitu anachokiweza ili apewe asichokiweza, hayo si maendeleo. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Ila nakubali jambo moja: Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama tangu Aprili 2014, kwa hiyo mashine ile haiunganishwi na intaneti hata kidogo.

Hapa Australia tangu mwaka 2011 upo mpango wa kitaifa wa kupokea kompyuta na televisheni kuukuu bila malipo ili zirejelezwe. Mpango mzuri. Lakini wao huokoa shaba na plastiki. Sauti ya baba yako haimo katika hesabu yao.

Nyinyi mlioko Maskati, Dubai na Doha, najua stoo zenu. Mna kompyuta zimefunikwa mashuka, zinapikwa na joto, na ndani mna harusi za Unguja, mazishi ya Mombasa, na nyuso za watu wasiokuwepo tena. Diski haizeeki kwa adabu, siku moja hukataa tu. Ijumaa hii mwite kijana wa nyumbani, mfungue pamoja, mnakili. Akikwambieni fundi kwamba haiwezekani, muulizeni kwanza kama ameifungua.

Ijumaa iliyopita dada aliwasha mashine yake. Baba alisimulia mpaka mwisho, bila kukatika.