Jamani, Kula Bafe Melini si Ushamba



Leo hatukuja na mapishi wala mitindo ya hina. Tumekuja na hasira kidogo, mtuvumilie.

Kuna biharusi tunayemjua, hatumtaji, aliyeolewa mwaka jana hapa Unguja. Mumewe ana ndugu Dubai, na ndugu hao kwa wema wao wakawapa zawadi ya safari ya meli ya kitalii, siku saba, familia nzima: biharusi na mume, mavyaa, wifi mkubwa na watoto watatu wa wifi. Meli inatoka Dubai, inazunguka Ghuba, inarudi Dubai. Wifi ndiye aliyepanga kila kitu. Katika kupanga akachagua chakula cha usiku katika ukumbi mkubwa, zamu ya pili, ile ya saa 2:30 usiku, kwa kuwa hiyo ndiyo zamu ya watu waliopendeza.

Usiku wa kwanza mavyaa, ambaye ana kisukari na anajidunga insulini, alikaa mezani mpaka karibu saa 4 akitafuna vipande vya mkate huku sahani zinakuja moja moja. Usiku wa pili biharusi akamshika mkono, wakapanda lifti mpaka sitaha ya juu, wakala kwenye bafe saa 12:30 jioni, wakarudi chumbani wakasali Isha kwa utulivu. Mume akabaki ukumbini na dada yake, kuweka amani. Usiku wa tatu ikawa hivyo hivyo.

Mpaka leo wifi anasimulia. Kwamba huyu mke hajui kukaa na watu. Kwamba kamburura mama wa watu kwenda kupanga foleni na sahani mkononi kama wanafunzi wa bweni. Kwamba kila usiku meza ilikuwa na viti viwili vitupu na kila mtu aliuliza.

Sisi tunasema biharusi alifanya sawa, na tunakwenda mbele zaidi: mkisafiri kifamilia kwenye meli, na mna wazee, watoto na sala za kuchunga, chakula cha usiku cha bafe kiwe ndiyo chaguo lenu la kwanza. Ukumbi wa rasmi uwe ziada, kwa usiku mmoja mtakaoutaka wenyewe.

Kwanza tuondoe lile la pesa, maana ndilo linalosemwa kwa kunong'ona. Wengi wanadhani bafe ni ya waliokosa uwezo. Sivyo. Katika meli nyingi nauli uliyolipa inabeba vyote viwili, ukumbi mkubwa na bafe. Aliyekaa chini kwenye kitambaa cheupe na aliyekaa juu dirishani wamelipa sawasawa. Kinacholipiwa zaidi ni ile mikahawa midogo ya pembeni, ya nyama choma ya kizungu na mfano wake. Kwa hiyo anayekwambia umejishusha kwa kwenda bafe hajui hata risiti yake mwenyewe inasema nini.

Halafu tuangalie saa. Ukumbi wa rasmi kwa mazoea una zamu mbili, moja kiasi cha saa 12 jioni na nyingine kiasi cha saa 2:30 usiku, na kila zamu inachukua saa moja na nusu au mbili. Safari za Ghuba ni za msimu wa baridi. Dubai mwezi wa Disemba jua linazama kiasi cha saa 11:30 jioni, na Isha inaingia kabla ya saa 1 usiku. Hebu pigeni hesabu. Ukichukua zamu ya kwanza, una nusu saa ya kusali Magharibi, kuwatia watoto nguo na kumtafuta mtu mzima viatu vyake, kisha Isha inaingia supu ndiyo kwanza inaondolewa. Ukichukua zamu ya pili, watoto wamekwishasinzia na mwenye kisukari amekwishatetemeka. Mtu anayejidunga insulini haahirishi chakula kwa kuwa mhudumu bado anamimina maji kwenye glasi za meza ya jirani. Sukari ikimshuka, hatajali kitambaa ni cheupe au cheusi.

Tunajua mtajibu nini: msafiri ana ruhusa ya kufupisha na kukusanya. Ndiyo, na tunaishukuru ruhusa hiyo. Lakini tusiifanye kuwa kitu cha kupangia miadi ya chakula, kana kwamba sala ndiyo inayosogea na meza ndiyo iliyosimama. Bafe iko wazi kwa masaa kadhaa. Unasali kwanza, unakwenda.

Sasa hili la ustaarabu, ambalo ndilo lililotuchoma.

Nani aliyetufundisha kwamba kuchukua chakula mwenyewe ni ushamba? Sisi tumelelewa kwenye sinia. Watu wanne au watano, mkeka, maji ya kunawa yanapita, kila mtu anakula upande wake, na mkubwa anakusogezea kipande cha nyama bila ya kusema neno. Jioni tunakwenda Forodhani, tunazunguka meza kwa meza, tunachagua kwa macho na kuonyesha kwa kidole: mishikaki ile, pweza yule, juisi ya miwa tafadhali. Tunakula tumekaa ukutani tunatazama bahari. Wageni wanaoshuka kwenye meli hizo hizo, zikitia nanga Malindi, wanakuja kupiga picha na kusema utamaduni wetu mzuri. Sisi tukipanda meli yao tukafanya vile vile, tunaambiana wenyewe kwa wenyewe kwamba tumejiaibisha!

Desturi ya kuvaa rasmi kwa chakula cha usiku melini inatoka kwenye meli za zamani za kuvuka Atlantiki, zilizokuwa na madaraja. Kwenye Titanic, mwaka 1912, abiria wa daraja la kwanza na wa daraja la tatu hawakula mahali pamoja wala chakula kimoja, na nguo ndiyo iliyokuwa alama ya nani ni nani. Hiyo ndiyo adabu tunayoililia? Wenye meli wenyewe wameanza kuiacha. Norwegian Cruise Line tangu mwaka 2000 waliondoa zamu za lazima na sharti la mavazi rasmi, wakaufanya uhuru huo kuwa ndiyo tangazo lao. Wao wameshavua tai, sisi ndiyo kwanza tunaifunga.

Na kuna jambo ambalo biharusi anayejistiri anatakiwa alijue kabla ya kuingia ule ukumbi usiku wa mavazi rasmi. Wapiga picha wa meli hupita wakikupigeni, kisha picha hizo huuzwa, na katika meli nyingi huwekwa mahali ambapo abiria wote wanapita na kutazama. Wewe umejipamba kwa ajili ya mumeo, una wiki mbili tu tangu uvuliwe shela, na kesho asubuhi uso wako umebandikwa karibu na duka la saa. Unaweza kukataa, ni haki yako, na useme mapema. Lakini kule juu kwenye bafe usiku hata hilo la kukataa huwa nadra. Watu wengi wamekwenda ukumbini au kwenye maonyesho, meza za dirishani ziko wazi, na wale waliovaa nguo za kuogelea uliowaona mchana wamekwishaondoka, maana usiku karibu kila meli inataka watu wavae nguo na viatu. Mchana ndio mgumu kwetu kwenye bafe, si usiku. Vaa abaya yako, vaa hata dera zuri na mtandio, hakuna anayekugeukia.

Ulevi nao upo, tusidanganyane. Upo ukumbini na upo bafe. Tofauti ni kwamba ukumbini, ukipangiwa meza kubwa na wageni, chupa inafunguliwa mbele yako na huna pa kuhamia, ilhali sote tunajua tulivyokatazwa kukaa kwenye meza inayozungushwa ulevi. Bafe unabeba sahani yako unakaa kwingine. (Wanaopanda meli ya AROYA ya Saudi Arabia, iliyoanza safari zake Jeddah mwezi wa Disemba 2024, hili haliwahusu, mule ulevi haumo.)

Hapa lazima tuwe wakweli, kwa sababu wifi ana hoja moja ya maana. Anasema ukumbini unaweza kuomba chakula cha halali na ukaletewa chako peke yako, bafe hujui kijiko kimetoka wapi. Ni kweli. Bafe haiwi halali kwa kuwa ni bafe. Kibano kilichoshika nyama ya nguruwe kinaweza kurudi kwenye soseji za kuku kwa mkono wa mtoto wa mtu. Supu ya kitunguu ya Kifaransa mara nyingi hutiwa mvinyo. Maharage huweza kupikwa na vipande vya nguruwe. Tiramisu huwa na pombe, trafuli nayo vile vile, na zile jeli zinazotetemeka ambazo watoto wanazikimbilia zina jelatini isiyojulikana ya mnyama gani.

Lakini ukumbini napo chakula cha halali hakiji kwa kukaa tu na kutabasamu. Kampuni nyingi zinataka ombi hilo wakati wa kukata tiketi au wiki kadhaa kabla ya safari, na wifi kwa pilikapilika zote za magauni hakuliomba. Matokeo yake wakala samaki ukumbini usiku wote, na samaki wale wale walikuwepo juu. Kwa hiyo hoja ni yake, ila hakuifanyia kazi. Nyinyi iombeni mapema, kwa maandishi, na siku ya kwanza mkipanda mwoneni msimamizi wa chakula mhakikishe. Kama imethibitishwa, basi nendeni ukumbini usiku mmoja au miwili, ombeni meza ya familia peke yenu, mkafurahi. Usiku uliobaki, kule bafe, mwiteni mpishi. Wapo pale pale nyuma ya vyakula, si mbali jikoni. Mwulizeni hiki kimepikwa na nini. Akisita, rudisheni sahani. Mwambieni abadilishe kikaango kabla ya kukukaangieni mayai. Samaki wa kuchoma, wali mweupe, mboga, matunda, mkate: hakuna aliyelala na njaa kwa hivyo.

Tukishawasema wengine, tujiseme na sisi. Kuna aibu ya kweli kwenye bafe na tunaifanya mchana kweupe. Ni ile sahani ya mlima. Wali juu ya tambi juu ya kuku, keki tatu pembeni "za watoto", halafu robo inaliwa na iliyobaki inatupwa. Tunafanya hivyo kwenye harusi zetu, tunakwenda kufanya hivyo Ghuba. Israfu tumekatazwa waziwazi, Surat al-A'raf tunaisoma, na hatukusikia kwamba chakula kilicholipiwa na shemegi kina hukumu nyingine. Chukua kidogo, rudi tena. Hakuna anayekuhesabia. Na mtoto asipewe sahani peke yake akaachiwa uwanja.

Na nawaeni mikono kwa maji na sabuni kabla ya kushika kijiko cha kupakulia, hata kama pale mlangoni pana dawa ya kupaka. Ile ya spiriti haiwezi vizuri kile kirusi cha noro kinachoendesha watu na kuwatapisha melini, maji na sabuni ndiyo kinga. Bibi zetu walikuwa na birika na bakuli la kunawia kabla meli hizo hazijajengwa.

Sasa wifi. Si mtu mbaya, tunamjua na yeye. Alishughulika miezi mitatu, alinunua magauni mawili yenye shanga, alitaka mama yake aonekane amekaa kama malkia. Tunaielewa hamu hiyo. Wanawake wengi wa visiwa hivi wamehudumia maisha yao yote, na mtu anataka angalau wiki moja mama yake ahudumiwe. Lakini kumhudumia mtu mzima ni kumuuliza anataka nini. Mama yule hakuulizwa. Biharusi, mgeni wa siku chache ndani ya nyumba, ndiye aliyemtazama mikono ikitetemeka, na kwa kumtazama kwake akaitwa mshamba.

Na nyinyi waume, kama mnasoma kupitia simu za wake zenu, kuweka amani kwa kukaa kimya kwenye meza ya dada yako huku mkeo anachukua lawama za kumtunza mama yako mwenyewe, hiyo si amani. Ungepanda nao juu.

Ingawa huyu mume mwishoni alipanda. Usiku wa sita mtoto mdogo wa wifi alilala ukumbini, shavu juu ya kitambaa cha meza, kabla supu haijafika. Mjomba wake akambeba mpaka sitaha ya juu, akamkuta bibi bado yuko dirishani na kikombe chake cha chai isiyo sukari. Mtoto akaamka kwa harufu ya kuku, akala wali kwa mkono kwenye sahani ya bibi yake. Hilo wifi halisimulii. Tumelipata kwa mavyaa mwenyewe.