*TAARIFA YA KATIBU WA TAWI: BINTI ANAYEPENDA KOMPYUTA ANAHITAJI MLEZI KABLA YA MAKOFI*



Ujumbe huu ni mrefu kidogo. Naomba usome hadi mwisho kabla ya kujibu, na usiusambaze nusu nusu. Unahusu ajenda ya nne ya mkutano wetu wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, yaani pendekezo la tawi kuwashika mkono mabinti wetu wanaopenda hisabati na kompyuta. Tangu ajenda itangazwe yamesemwa mengi. Wapo waliounga mkono, wapo waliocheka, na yupo aliyeuliza kama tawi sasa limegeuka chuo. Haya ninayoandika ni maoni yangu kama Katibu. Uamuzi ni wa mkutano.

*1. TUNACHOFANYA SASA*

Binti akifaulu kidato cha nne, tunapongeza. Anaitwa mbele kwenye mkutano wa hadhara, akina mama wanapiga vigelegele, viongozi wanapiga naye picha, na picha inazunguka kwenye makundi siku mbili. Wiki inayofuata hakuna anayemuuliza amechagua tahasusi gani, nauli ya kwenda shule ameipata wapi, wala nani atamweleza fomu ya mkopo wa elimu ya juu inajazwaje. Mwaka unapita, tunamkuta anauza vocha. Tunasema "bahati haikuwa yake."

Nimesomea uhasibu, mniwie radhi kwa mifano ya fani yangu. Makofi hayaingii kwenye leja. Ukitaka kujua tawi limewekeza nini kwa binti yule, fungua daftari. Nani alikutana naye, lini, na kikafanyika nini? Kama ukurasa ni mtupu, basi hatukuwekeza chochote.

Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nakubaliana nao. Lakini walisema pia mkono mmoja haulei mwana. Sisi tumeishika methali ya kwanza tukaiacha ya pili. Tunavalisha pete chanda ambacho hakuna aliyekilea, kisha tunashangaa pete inadondoka.

*2. "HAYO NI MAMBO YA WAZUNGU"*

Hii ndiyo hoja niliyoisikia zaidi. Naijibu kwa mfano wa hapa hapa Tanzania.

Arusha kuna Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela. Mwanamke Mtanzania, Dkt. Dina Machuve, akiwa mhadhiri pale, alishughulikia jambo ambalo kila mama wa hapa analijua: kuku kufa. Yeye na wenzake walikusanya picha za vinyesi vya kuku kutoka kwa wafugaji wa Arusha na Kilimanjaro kati ya 2020 na 2021, wakaifundisha kompyuta kutofautisha kinyesi cha kuku mzima na cha kuku mwenye mdondo, salmonela au koksidiosisi. Shabaha ni mfugaji atumie simu yake kujua kuku anaumwa nini kabla banda zima halijateketea.

Kwenye taasisi hiyo hiyo yupo Dkt. Neema Mduma. Mwaka 2019, pamoja na Khamisi Kalegele na huyo Machuve, alichapisha utafiti wa namna kompyuta inavyoweza kusoma takwimu za elimu na kubaini mapema ni mwanafunzi yupi yuko hatarini kuacha shule. Kutokana na kazi hiyo ukazaliwa mradi wake wa BakiShule. Jina lenyewe linajieleza. Baadaye akaenda mashambani, wakakusanya maelfu ya picha za majani ya mahindi na migomba yenye ugonjwa, ili mashine ifundishwe kutambua sigatoka nyeusi na mnyauko fuzari.

Ndugu wanachama, migomba, mahindi, kuku na watoto wanaoacha shule. Kuna lolote hapo ambalo si la Kasulu au Kibondo?

Tazameni pia majina matatu kwenye utafiti ule wa 2019. Wanawake wawili na mwanamume mmoja. Aliyekuwa anaanza safari ya utafiti aliandika jina lake pamoja na waliomtangulia, na mmoja wa waliomtangulia alikuwa mwanamke mwenzake. Huo ndio ulezi ninaouzungumzia. Aliyetangulia hakumpa mwenzake kitenge cha Machi 8. Alifanya naye kazi, na jina la kila mmoja likaandikwa mahali pake.

*3. KWA NINI JINA LIANDIKWE*

Mwaka 1946 Marekani ilionyesha dunia kompyuta kubwa iliyoitwa ENIAC. Walioipangia hesabu zake walikuwa wanawake sita, na kabla ya hapo kazi yao ilikuwa kupiga hesabu kwa mkono. Mashine ikasifiwa na wanaume walioiunda wakasifiwa, lakini majina ya wale sita yalikaa miaka mingi bila kutajwa. Waliingizwa kwenye orodha ya heshima ya wanawake wa teknolojia mwaka 1997, zaidi ya miaka 50 baadaye. Muamala ulifanyika ila haukuingizwa daftarini.

Yupo mwingine, Frances Allen. Alikuwa mwalimu wa hisabati wa sekondari. Mwaka 1957 aliingia kampuni ya IBM akiwa na nia moja, alipe deni la masomo kisha arudi darasani. Wenye mkopo wa Bodi humu ndani watamwelewa. Hakurudi. Alikaa miaka 45 akitafiti namna ya kufanya programu ziende kasi zaidi, na akawa maarufu pia kwa kuwalea vijana waliomfuata. Tuzo ya Turing, iliyo kubwa kuliko zote katika fani hiyo, ilianza kutolewa 1966. Mwanamke wa kwanza kuipata ni yeye, mwaka 2006. Hesabuni wenyewe: miaka 40. Baada yake wakapata Barbara Liskov (2008) na Shafi Goldwasser (2012). Hadi tuzo ya 2024, wanawake ni hao watatu tu.

Kwa hiyo tusijidanganye kwamba kwenye nchi tajiri jambo hili lilijipanga lenyewe. Huko nako ilibidi watu wakae chini, waandike majina, na waweke utaratibu.

*4. MAJIRANI WALIOANZA*

Nairobi, mwaka 2010, wanawake vijana wa fani ya kompyuta walianzisha AkiraChix ili kuwafundisha wasichana wa familia zisizo na uwezo. Dar es Salaam, mwaka 2013, Carolyne Ekyarisiima alianzisha Apps and Girls, na kazi yao kubwa ikawa vilabu vya wasichana mashuleni. Hawakusubiri majengo. Walianza na watu: aliyejua kidogo anamfundisha asiyejua.

Na hapa kwetu, ndani ya kambi ya Nyarugusu, UNHCR na Taasisi ya Vodafone waliweka madarasa yenye vishikwambi na intaneti kwa ajili ya watoto wa wakimbizi. Najua wapo wanaolalamika kwamba watoto wa jirani walipata na wetu hawakupata. Mimi sisomi hivyo. Ninachosoma ni kwamba mtoto wa mazingira magumu kuliko ya wetu, akipewa kifaa na mtu wa kumwelekeza, anajifunza. Hivyo hoja ya "huku kijijini haiwezekani" imekwisha jibiwa, tena umbali wa kutembea kwa mguu.

*5. HOJA ZENU NIMEZISIKIA*

_"Hatuna maji ya uhakika, Katibu anatuletea kompyuta."_ Ni kweli maji ni shida, na ajenda ya maji ipo, ni ya pili. Lakini angalieni nani anabeba ndoo. Mtoto wa kiume akitoka shule anapita steshenari, anasimama nyuma ya mwenye kompyuta, anaangalia, kesho anaombwa asaidie kuchapa barua. Binti akitoka shule anaenda kisimani, kisha kuni, kisha jikoni, kisha mdogo wake mgongoni. Kompyuta haijifunzwi kwa kuambiwa. Inataka saa za kukaa mbele yake, ukosee, urudie. Tofauti ya wawili hawa si akili, ni saa. Na saa hizo tunazigawa sisi wenyewe nyumbani. Hatuhitaji mfadhili kwa hilo.

_"Kwa nini wasichana tu?"_ Milango ya wavulana haifungwi. Daftari lenye makosa husahihishwa upande wenye upungufu. Siku pande mbili zikilingana, nitakuwa wa kwanza kupendekeza tuifute ajenda hii.

_"Akishasoma ataolewa mbali, faida itakuwa ya wengine."_ Kijana wa kiume naye akisoma anahamia Dodoma, mbona hatulii? Na tukumbuke kuwa tangu Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba hata aliyekatisha masomo kwa ujauzito anaruhusiwa kurudi shule. Mlango upo wazi. Binti huyo naye awe kwenye daftari letu, na asinyooshewe kidole.

_"Tutawafundisha nini wakati sisi wenyewe hatujui?"_ Mlezi hatakiwi kujua kuandika programu. Anatakiwa kujua binti yuko darasa gani, anakwama wapi, na nani anaweza kumsaidia. Anayeweza kumfundisha tutamtafuta. Vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga viko karibu. Walimu wa sekondari tunao. Wapo watoto wetu waliofika vyuo vikuu wanaoweza kupiga simu mara moja kwa mwezi. Ufadhili wa Samia upo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 kwa wanaofanya vizuri sana masomo ya sayansi kidato cha sita. Lakini binti hawezi kuulenga ufadhili ambao hakuna aliyewahi kumtajia akiwa kidato cha tatu.

*6. NINACHOPENDEKEZA MKUTANO UPITISHE*

(a) *Daftari.* Tuorodheshe mabinti wa eneo letu kuanzia kidato cha pili wanaopenda hisabati, fizikia au kompyuta, kwa ridhaa yao na ya wazazi. Safu ziwe nne: jina, mlezi, kilichofanyika, tarehe. Daftari litunzwe ofisini. Majina na picha zao *zisirushwe* kwenye kundi hili wala lingine lolote.

(b) *Mlezi.* Kila binti awe na mlezi mmoja, na mlezi asizidi mabinti wawili. Tuanze na akina mama: walimu, wauguzi, mawakala wa fedha za simu, wenye steshenari. Mwanamume anaweza kusaidia kufundisha, ila iwe sehemu ya wazi na mzazi ana habari. Hili halina mjadala. Anayeliona ni usumbufu hatufai kwa kazi hii.

(c) *Saa mbili za Jumamosi.* Kila mzazi aliyeandikisha binti amwachie saa mbili bila ndoo wala mtoto wa kubeba. Mwenyekiti na mimi tutazungumza na wenye steshenari watupe kompyuta moja kwa saa hizo, na tuwalipe. Kila mwanachama akitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, wanachama 40 ni shilingi 40,000. Mapato na matumizi yatabandikwa ubaoni kila mwezi, na stakabadhi zitakuwepo kwa anayetaka kuziona.

(d) *Kutambua kazi.* Machi 8 ijayo tupunguze fedha za sare. Badala yake msomaji asimame aseme binti fulani amefanya kitu fulani: ametengeneza jedwali la hesabu za kikundi cha akina mama, amemaliza mada fulani, amemfundisha mwenzake. Na mlezi wake atajwe pia, maana naye alifanya kazi. Tusimsifu binti kwa kuwa mzuri au mpole. Tutaje alichofanya.

(e) *Bila siasa.* Hatuangalii mzazi ni wa chama gani. Asipewe mtoto fulana wala kadi, na asisimamishwe jukwaani kutuombea kura. Chama kitaheshimika kwa kazi, hakina haja ya kumtumia mtoto.

*7. MWISHO*

Sitawaahidi kwamba ndani ya mwaka mmoja tutapata mtafiti. Utafiti ni safari ndefu: sekondari, shahada, shahada ya pili, ya tatu, na kila kituo kina mabinti wanaoshuka. Wanaposhuka, mara nyingi hakuna aliyewafukuza. Hapakuwa tu na mtu wa kuwaambia "kaa, kituo chako bado." Mtu huyo tunaweza kuwa sisi, na gharama yake ni saa chache na daftari la kurasa 96.

Katika hesabu kuna mali inayochakaa, kila mwaka unaipunguza thamani. Pikipiki ya tawi inachakaa, viti vinachakaa. Binti aliyelelewa vizuri hachakai. Anarudi na kulea wengine.

Jumamosi njooni kwa wingi, saa 4:00 asubuhi, tuanze kwa wakati. Mwenye pendekezo bora kuliko haya alete kwa maandishi, nitalisoma mbele ya mkutano kama lilivyo. Ndugu zetu wa Kibondo wanaopokea ujumbe huu, karibuni mlichukue wazo mlitumie kwenu, hatulidai hakimiliki.

Akina baba, nawaomba mje na wake zenu. Na mkija, waacheni waseme wenyewe.

Wenu katika ujenzi wa Chama na Taifa,

*Katibu wa Tawi*
Nyarugusu, Kasulu