Ati uwanja gani? Jina la kibaoni na jina la mdomoni

Ukiwa Kitengela na mechi iko Nairobi, jaribu siku moja kumwambia makanga kwamba unaenda Kituo cha Kimataifa cha Michezo cha Moi. Atakutazama kama mtu aliyeuliza njia ya kwenda mwezini. Sasa sema "Kasarani". Hata shingo hatageuza: atakuambia ushukie wapi tao, upande gari gani na usikubali kulipa zaidi ya ngapi. Uwanja huo ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987, na jina lake rasmi limekuwa kwenye karatasi miaka yote hiyo. Halijafika steji hadi leo.

Mwaka 2013 kampuni ya Safaricom iliweka mamilioni mezani ili jina lake liwe kwenye uwanja huohuo. Watangazaji walijitahidi kulitamka. Shabiki wa Gor Mahia aliyetoka Kibera kwa miguu aliendelea kwenda Kasarani. Mkataba ulipokwisha hakuna aliyehitaji kulisahau jina jipya, maana hakuna aliyekuwa amelizoea. Kisumu nao wana Uwanja wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, ila ukiwauliza watakuambia Mamboleo. Waganda wana uwanja wa taifa wenye jina la Mandela mwenyewe, na bado wanauita Namboole.

Wewe unayesoma chuo hapa Kajiado unalijua jambo hili kwa kipimo chake kidogo. Mimi lilinikuta Kitengela. Ilikuwa mechi ya vyuo, saa nane mchana, na tangazo liliandika jina la uwanja kwa ukamilifu: jina la mfadhili aliyekata utepe, vyeo vyake vikiwa vimetangulia kama msafara wa magari. Niliuliza waendesha boda watatu. Wa kwanza alidhani natafuta hospitali. Wa pili akaapa mahali hapo ni Isinya. Wa tatu akafikiri kidogo, akauliza, "Ni pale kwa mti mmoja na vumbi mob?" Nikamwambia sijui. "Basi unaenda Vumbini. Panda." Nilifika kipindi cha kwanza kimeisha, na tumeshafungwa mawili.

Nilicheka hadi nilipofikiria dereva wa ambulensi. Mchezaji akivunjika mguu pale, msimamizi atapiga simu na kutaja jina lililo kwenye barua. Dereva naye ataanza kuuliza waendesha boda, mmoja baada ya mwingine, kama nilivyofanya.

Hapo ni rahisi kusema basi, jina la wananchi lishinde na kibao king'olewe. Wengi wetu vijana tungemalizia hapo. Lakini mimi nina shida mbili na jibu hilo, na zote mbili zinatugusa sisi wa Kajiado kuliko mtu wa Kasarani.

Ya kwanza ni kwamba jina la mdomoni nalo humeza. Mji tunaouita Kitengela, au Kite ukiwa na haraka, ulijulikana kwanza kama Noonkopir. Siku hizi Noonkopir utaiona kwenye shule na vibao vichache, na kijana aliyehamia juzi anaweza kumaliza mwaka mzima bila kuisikia. Hata Kajiado lenyewe ni umbo lililokatwakatwa la Olkejuado, maneno ya Kimaa ya mto mrefu. Baraza la zamani la eneo hili lilibeba jina hilo la Olkejuado, na shule ya upili ya Olkejuado bado iko mjini. Hakuna mtu mmoja aliyekaa chini akaamua kuyafuta majina haya. Ranchi ya jamii ya Kitengela iligawanywa mwishoni mwa miaka ya 1980, kazi za EPZ pale Athi River zikavuta watu kutoka kila pembe miaka ya 1990, na kila aliyekuja alihitaji neno fupi la kumwambia makanga. Tulichukua jina la kituo cha mafuta, la kanisa, la baa, likawa mtaa. Hivyo tunapojisifu kwamba jina letu la mtaani ndilo "la wananchi", tukumbuke kuna wananchi waliotutangulia, na wao pia walikuwa na la kwao.

Ndiyo maana napenda uwanja wa Ildamat pale Kajiado mjini. Ildamat ni jina la mojawapo ya matawi ya Wamaasai, wenyeji wa upande huo. Mheshimiwa akiusoma kwenye hotuba ni Ildamat, na mwanafunzi anayeruka ukuta kuingia mechini anajua ameruka ukuta wa Ildamat. Jina halikuhitaji kampeni yoyote kwa sababu lilikuwa limeshakaa mdomoni mwa watu kabla halijapakwa rangi.

Sisemi jina la mtu haliwezi kushika. Tanzania waliweza. Uwanja wa Taifa wa Dar es Salaam ulipewa jina la Benjamin Mkapa mwaka 2020, baada ya rais huyo mstaafu kufariki, na leo shabiki wa Simba au Yanga anakuambia tukutane Kwa Mkapa. Wengine wamelichezea zaidi wakauita Lupaso, kijiji alikozaliwa. Mradi wa uwanja ule ulianza Mkapa akiwa rais, kwa hiyo watu waliona sababu, na jina lenyewe lilikuwa jepesi kwa mdomo. Jirani yake, Uwanja wa Uhuru, umebaki Shamba la Bibi, na hakuna anayehangaika nalo.

Kwetu, gavana wa Nairobi wa wakati huo aliupa City Stadium jina la Joe Kadenge mwaka 2019, mwaka aliofariki nyota huyo. Kama kuna Mkenya aliyestahili uwanja, ni Kadenge. Lakini niambie ukweli: wewe bado unasema City, si ndio? Nami pia, na sioni fahari. Tuliletewa jina kwa tangazo likaachwa hapo, bila wimbo wa mashabiki wala kisa cha kusimuliwa langoni.

Shida yangu ya pili ni nzito zaidi. Hapa Kitengela ploti zinauzwa kama maandazi ya asubuhi. Uwanja wa wazi unaoitwa Vumbini na watu elfu moja, lakini kwenye daftari la ardhi una jina lingine au nambari tupu, ni uwanja usio na mtetezi. Siku nguzo za ua zitakapochimbiwa, utaenda ofisini kusema wametunyakulia Vumbini, na karani atakuuliza, kwa haki kabisa, Vumbini ni wapi. Hutakuwa na la kumwonyesha. Jina rasmi tunalolicheka ndilo litakalosimama mbele ya hakimu. La mdomoni litakusaidia kuita mashahidi.

Kwa hiyo msimamo wetu hapa ni kwamba jina la karatasi na jina la mdomo yakutane langoni. Chuo kinachojenga uwanja kiwaulize wanafunzi kabla ya kuchonga jiwe, kiwaulize na wazee wa eneo hilo mahali pale paliitwaje. Kama mfadhili lazima atajwe, atajwe. Kibao kina nafasi ya mistari miwili. Tangazo la mechi nalo liandike yote mawili ili mgeni afike kabla ya kipenga.

Kwa viwanja vya umma hatuombi fadhila. Katiba ya 2010 inataja ushirikishaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa katika kifungu cha 10, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti kuwezesha ushiriki huo. Shida ni kwamba mikutano hiyo huitishwa asubuhi ya siku ya kazi, na viti vya mbele hujaa wazee huku sisi tukiwa kwa simu tukibishana nani amsajili nani. Mkutano ujao ukitangazwa karibu nawe, nenda na wenzako wawili wa timu. Ulizeni uwanja mnaochezea umesajiliwa kwa jina gani, hati yake iko kwa nani, na nani alikaa akalichagua jina hilo. Mkijibiwa kwamba hati haipo, achaneni na jina kwanza mfuatilie hati.