Ufunguo Usizikwe na Aliyefunga



Juma hili tunaomba mtuvumilie tukitafakari jambo ambalo kwa sura yake ni la mafundi, lakini kwa undani wake ni la uaminifu baina ya watu. Ni habari ya nywila, yaani neno la siri, inayowekwa ndani kabisa ya kompyuta mpakato, mahali panapoamka kabla ya kitu kingine chochote. Nywila hiyo ikisahauliwa, au aliyeijua akifariki dunia, kompyuta hugeuka sanduku lisilo na mlango. Tumelishuhudia jambo hili kwa macho yetu, na tunaona tuna deni la kulisema.

Kipo kikundi kimoja cha kuweka na kukopa tunachokifahamu kwa karibu, chenye akina mama wengi na wazee wachache. Katibu wake alikuwa mwalimu mstaafu. Kwa miaka mingi aliandika hesabu kwa mkono katika daftari kubwa, hadi wanachama walipochanga fedha, wakanunua kompyuta mpakato ya mtumba iliyotoka ng'ambo, wakamkabidhi. Mwalimu alikuwa mtu makini. Alisikia habari za kompyuta zinazoibwa ndani ya mabasi, akaamua kuifunga kwa nywila ili mwizi asifaidi kitu. Kisha akahamishia humo hesabu zote, na lile daftari la zamani likakaa kabatini. Alfajiri moja akaaga dunia ghafla, bila kumwachia mtu neno.

Matanga yalipokwisha, mwenyekiti na wenzake walikwenda kwa mjane kuichukua kompyuta. Walipoiwasha, kabla ya picha yoyote kutokea, kikatokea kisanduku kidogo kinachodai nywila. Wakajaribu majina ya watoto, mwaka wa kuzaliwa, jina la shule aliyoanzia kazi. Jaribio la tatu likashindwa, mashine ikajifunga, ikawa haipokei tena herufi yoyote hadi izimwe na kuwashwa upya.

Hapo ndipo msiba wa pili ulipoanza. Mtu mmoja aliuliza kwa sauti ya chini, "Mbona alifunga? Alikuwa anaficha nini?" Swali hilo lilitembea kuliko miguu ya aliyeliuliza. Wanachama wawili wakaacha kuleta hisa zao. Mjane akaanza kuona wanawake wenzake wakinyamaza anapokaribia sokoni. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Marehemu hakuweza kujitetea, na kufuli aliyoiweka kwa ajili ya kuwalinda wanachama ikageuka shahidi wa uongo dhidi yake.

Kabla hatujaendelea, tueleze kwa ufupi kufuli hiyo ni kitu gani. Ndani ya kila kompyuta, juu ya ubao mkuu ambao mafundi huuita madabodi, kuna chipu yenye programu ya msingi, famuwea. Tunapobonyeza kitufe cha kuwasha, programu hiyo ndiyo huamka kwanza, ikakagua viungo vya mashine, kisha ikauita mfumo endeshi kama vile Windows. Kompyuta za IBM za mwaka 1981 ziliiita BIOS. Zilizotengenezwa miaka ya karibuni hutumia mfumo mpya uitwao UEFI. Mwenye kompyuta anaweza kuiamuru programu hiyo isifungue chochote mpaka apewe nywila. Ndiyo maana kufuta Windows na kuiweka upya hakusaidii kitu: huko ni kubadilisha fanicha za chumbani ilhali mlango wa uani umefungwa.

Wengi wetu tumesikia kwamba dawa yake ni kutoa betri ndogo ya duara iliyo juu ya madabodi, kungoja kidogo, na kuirudisha. Katika kompyuta nyingi za mezani za zamani jambo hilo lilikuwa kweli, kwa kuwa nywila ilikaa katika kumbukumbu iliyotegemea umeme wa betri ile. Lakini watengenezaji wa kompyuta mpakato walitambua kwamba kufuli inayofunguka kwa kutoa betri haimzuii mwizi mwenye bisibisi. Wengi wakaihamishia nywila katika chipu isiyosahau hata umeme ukikatika. Kwa kompyuta za ThinkPad, kwa mfano, mwongozo wa mtengenezaji husema wazi kwamba nywila ya msimamizi ikisahauliwa, njia ni kubadilisha madabodi nzima, kwa malipo na kwa uthibitisho wa ununuzi. Kampuni ya Apple nayo, kwa kompyuta zake zenye chipu za Intel, humtaka mwenye mali aende kwa fundi aliyeidhinishwa akiwa na kompyuta yenyewe na risiti ya awali. Katika kompyuta zake zenye chipu ilizoziunda yenyewe, zilizoanza kuuzwa mwaka 2020, nywila ya namna hii haipo tena. Ulinzi wake umejengwa kwa njia nyingine.

Tunaombwa tuone jambo moja hapa. Watengenezaji hao hawaulizi, "Je, unajua kufungua?" Wanauliza, "Je, ni mali yako?" Nasi tunaona swali hilo ndilo linalopaswa kutangulia kila mara.

Turudi kwa kikundi chetu. Fundi wa kwanza waliyemwendea alitaja bei yake kabla hajaigusa mashine. Hakuuliza ni ya nani, imetoka wapi, wala kwa nini imefungwa. Wapo waliomfurahia kwa wepesi wake. Sisi ulitutia hofu, kwa maana fundi anayefungua bila kuuliza atamfungulia na mwizi wa kompyuta yako kesho. Isitoshe, nchini Tanzania Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inahesabu kuwa kosa kuingia katika mfumo wa kompyuta kwa makusudi pasipo haki. Kufuli si jambo la ufundi peke yake.

Fundi wa pili, kijana mpole, alimwamkia mjane shikamoo, akampa pole, kisha akaomba risiti. Haikuwapo. Akauliza nani aliye shahidi kwamba kompyuta ni ya kikundi. Mwenyekiti akatoa kitabu cha mihtasari chenye saini za siku ya ununuzi. Ndipo kijana akauliza swali ambalo hatutalisahau: "Wazee wangu, mnatafuta kompyuta, au mnatafuta hesabu?"

Swali hilo liliyatenganisha mambo mawili ambayo sote tulikuwa tumeyafunga pamoja. Nywila ya famuwea huizuia mashine kuamka. Yenyewe haiyageuzi maandishi yaliyo katika diski kuwa fumbo. Kijana alifungua kifuniko cha chini mbele ya mjane na mashahidi watatu, akaitoa diski, akaiunganisha na kompyuta nyingine. Hesabu zote zilikuwa humo, zimepangwa kwa majuma na kwa majina, hadi juma la mwisho la uhai wake. Zilipolinganishwa na fedha zilizokuwapo, zilikubaliana hadi shilingi ya mwisho. Jioni ile ile mwenyekiti na wazee wawili walikwenda nyumbani kwa mjane, wakakaa chini, wakaomba radhi. Kompyuta yenyewe ingali imefungwa hadi leo, kwa kuwa madabodi mpya ingegharimu karibu sawa na kompyuta nyingine ya mtumba.

Hata hivyo, tusijidanganye kwamba mambo huishia hivyo kila mara. Diski yenyewe inaweza kuwa na nywila yake, ambayo huifuata hata ikihamishiwa mashine nyingine. Tena kompyuta nyingi za siku hizi husimba maandishi yote ya diski. Katika Windows yenye ulinzi wa BitLocker, kwa mfano, asiye na njia ya kawaida ya kuingia huhitaji ufunguo wa akiba wenye tarakimu 48, na hata kubadilisha madabodi kunaweza kuufanya mfumo uudai. Lau mwalimu wetu angekuwa amesimba diski yake na kuondoka na ufunguo huo, hesabu zingepotea, na jina lake jema lingepotea pamoja nazo.

Basi tunathubutu kutoa rai yetu. Anayefunga kitu chake mwenyewe ana haki ya kuwa na siri. Lakini anayefunga kitu cha wengi amepewa dhamana, na dhamana haimruhusu kuwa mtu pekee duniani anayejua ufunguo ulipo. Akiba ya wajane na wakulima, matokeo ya wanafunzi, orodha ya wagonjwa wa zahanati: hivi si vitu vya kufa na mtu mmoja. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 487, zinaagiza kwamba hifadhi ya nyaraka za jimbo ifungwe, na ufunguo wake wawe nao askofu na kansela tu. Ni watu wachache kwa ajili ya ulinzi, lakini si mmoja. Tunadhani hata kikundi kidogo cha kijijini kinaweza kujifunza kitu hapo.

Wapo watakaotujibu kwamba siri ikiandikwa si siri tena. Hoja hiyo ina uzito, na hatuipuuzi. Lakini tujiulize: nywila ya famuwea inamzuia nani hasa? Inamzuia yule anayeinyakua kompyuta na kukimbia nayo. Mtu huyo hana habari na bahasha iliyofungwa ndani ya kasha la fedha katika nyumba nyingine. Bahasha haimpunguzii mwenye mali ulinzi wake dhidi ya mwizi. Inampunguzia hatari ya kusahau na hatari ya kifo, ambazo zote mbili hazibishi hodi.

Kwa hiyo tunawasihi wasomaji wetu mambo manne. Kwanza, nywila ya kompyuta ya kikundi, ya shule au ya ofisi iandikwe kwa mkono unaosomeka, itiwe katika bahasha pamoja na risiti ya ununuzi na ufunguo wa akiba wa diski kama upo, bahasha ifungwe na kusainiwa na watu wawili juu ya gundi, na ihifadhiwe mbali na kompyuta. Nywila ikibadilishwa, bahasha nayo ibadilishwe.

Pili, kiongozi anapoondoka, nywila iingizwe katika hati ya makabidhiano kama inavyoingizwa mihuri na funguo za milango.

Tatu, nakala ya hesabu itolewe kila mwezi na kuwekwa mahali pengine, hata kama ni karatasi tu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lililo ndani ya mashine moja peke yake ni nusu ya daftari.

Nne, kwa wanaonunua kompyuta za mtumba: usilipe kabla hujaiwasha mwenyewe mbele ya muuzaji na kuingia katika ukurasa wa mipangilio ya famuwea, kwa kubonyeza kitufe kama F2, F10 au Delete kadiri ya aina ya kompyuta. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe. Huenda ni ofisi iliyosahau kuifuta nywila kabla ya kuuza; huenda pia kuna mtu mahali fulani anayeililia mali yake. Wewe huwezi kujua ni lipi, na bei nafuu isikuzibe macho.

Na kwa aliyekwisha kukutana na kufuli isiyo yake, tunasema: usianze na bisibisi. Anza na yule aliyekuuzia, aliyekupa, au familia ya aliyeondoka. Tena usikimbilie programu za kufungulia zinazogawiwa bure mitandaoni, kwani nyingine hubeba virusi, na mkono usio na ujuzi juu ya madabodi huweza kuiua kabisa mashine iliyokuwa imelala tu. Kisha jiulize kama yule kijana: unachokitafuta ni kompyuta, au ni kilichomo ndani yake?

Mwalimu wetu hakuwa na kosa la wizi. Kosa lake, kama tunaweza kuliita hivyo, lilikuwa kudhani kwamba kesho atakuwapo kuandika nywila kwa mkono wake mwenyewe. Ni kosa letu sote. Tungefurahi kama jioni ya leo, kabla ya kulala, kila mmoja wetu aliyefunga kitu kwa niaba ya wengine angetafuta kalamu na bahasha.