Alimeza dawa za malaria, kisha akajua ana mimba

Binti wa kaka yangu anafanya kazi Kisumu, mtaa wa Kondele. Mwezi uliopita alinipigia simu usiku akilia. "Shangazi, nimemuua mwanangu." Alishikwa na homa, akanunua AL duka la dawa, akameza vidonge vyote 24 kwa siku tatu. Wiki mbili baadaye ndipo akagundua ana mimba. Jirani akamwambia bora aitoe mapema kuliko kuzaa mtoto mwenye kasoro.

Hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Kwa miaka mingi, mwenye mimba changa aliandikiwa kwinini, siku saba za uchungu na masikio kuvuma, kwa sababu dawa za jamii ya AL zilidhuru mimba za panya maabarani. Lakini ukanda wa ziwa hauishiwi na malaria, na wanawake wengi walizimeza kabla hawajajijua. KEMRI na wenzao waliwafuatilia wanawake wa namna hiyo Siaya kati ya 2011 na 2013. Baadaye wataalamu walikusanya takwimu za nchi mbalimbali, mimba 34,178. Waliotumia AL walipatwa na madhara machache, yaani mimba kuharibika, kuzaa mfu au kasoro, kuliko waliopewa dawa za zamani, hasa kwinini. Novemba 2022 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza AL hata kwa miezi mitatu ya kwanza. Malaria yenyewe ndiyo inayomaliza damu ya mama na kutoa mimba.

Habari hii imekwama wapi? Muuzaji hakumuuliza binti yetu siku zake alizipata lini. Wala hakumpima damu, na hili ndilo lililoniudhi zaidi, maana huenda hata malaria hakuwa nayo.

Nasi Kwale na Kilifi tusijione tuko mbali. Pwani na ziwani ndiko kliniki za wajawazito hutoa SP, ile tuliyozoea kuiita Fansidar, kukinga malaria. Hiyo huanza wiki ya 13, si kabla. Kwa hivyo si kila kidonge cha malaria ni AL. Ukiwa na shaka, chukua pakiti uende nayo kliniki.

Ndivyo nilivyomwambia afanye. Muuguzi akaisoma pakiti, akahesabu wiki, akampa vidonge vya kuongeza damu na kumhimiza alale ndani ya neti. Sasa yuko wiki ya 11. Jirani bado hajasadiki.