Njiwa wa Nuhu Hakuleta Amani

Juzi nilikuwa Feri nikingoja kuvuka kwenda Likoni. Mbele yetu palisimama matatu iliyochorwa njiwa mweupe mwenye jani mdomoni, na chini yake neno AMANI. Juu ya kibanda, kunguru waligombania kichwa cha samaki. Mama mmoja kando yangu akasema, "Mwanangu, huyo mweupe ndiye ndege wa Mungu. Hawa weusi ni wa Ibilisi."

"Lakini mama, Nuhu alimtuma nani kwanza?"

Alimtuma kunguru. Njiwa alifuata, naye alitumwa mara tatu: mara ya kwanza akarudi bila kitu, ya pili akaja na jani bichi la mzeituni, ya tatu hakurudi tena. Jani lile lilikuwa habari ya mabaharia: maji yanakupwa, nchi kavu ipo. Hakuna aliyepatanishwa na mwenzake. Neno amani halimo kabisa katika kisa kile.

Pale Yordani, Yesu alipobatizwa, Injili zote nne zasema Roho alishuka kama njiwa. Rangi haikutajwa, weupe ni wa wachoraji. Na kwa Marko, Roho huyo huyo mara moja akamsukuma Yesu nyikani, kwa Shetani na wanyama wa mwitu. Ndege gani huyo wa kubembeleza watu walale?

Najua nitajibiwa kwamba Wakristo wa kale walichora njiwa kwenye makaburi ya Roma pamoja na neno amani. Kweli, ila ile ilikuwa amani ya marehemu aliyekwisha fika. Njiwa wa mabango ya siasa tumerithi zaidi kwa Picasso, mkomunisti, ambaye picha yake ilitangaza kongamano la amani la Paris mwaka 1949.

Picha yenyewe haina neno. Kinachonikera ni matumizi. Uchaguzi ukikaribia, mwanasiasa na mchungaji husimama jukwaa moja wakituhimiza tudumishe amani, na wanachotaka hasa ni tunyamaze. Mpwani akiuliza hatimiliki ya shamba alimozikwa babu yake, huyo mchochezi. Wanasahau kwamba njiwa alikuwa sadaka ya wasiomudu mwanakondoo. Mariamu na Yosefu walitoa sadaka hiyo ya ndege. Wanasahau pia kwamba Yesu alipindua viti vya waliowauzia watu njiwa hekaluni. Siku ile hekaluni hapakuwa na utulivu hata kidogo.

Hata njiwa wenyewe hawana amani: Januari 2014, watoto wawili walirusha njiwa weupe dirishani kwa Papa Francis kuiombea Ukraine. Shakwe na kunguru wakawavamia njiwa hao palepale, umati ukitazama.

Nilitaka kumsimulia yule mama hayo yote. Geti likafunguliwa, tukamiminika mteremkoni. Nikawahi kumwambia tu kwamba hata njiwa wa Nuhu mwishowe hakurudi.

"Si alipata nchi kavu yake?" akanijibu, akikaza leso. "Wewe wavuka ama wahubiri?"