Uvira: Anayetangulia kwa baiskeli awe jicho la wanaomfuata

Asubuhi na mapema, makundi ya waendesha baiskeli hupita katika kata ya Kilibula, mjini Uvira, jimboni Kivu ya Kusini. Wengine wamebeba makala, wengine unga wa mihogo, wengine bidoni za maji ao za mawese. Siku ya mapumziko hupita pia vijana wasio na mzigo wowote, wanaofanya mazoezi. Wote wanatumia barabara ileile na watoto wa shule, akina mama wanaoenda sokoni wakiwa na mabeseni kichwani, pikipiki na malori.

Kutembea kwa kundi si kosa. Mwenye mzigo akitobokewa mpira, wenzake wanamsaidia kutengeneza. Kamba ikikatika, wanafunga pamoja. Mwizi pia anaogopa watu watano kuliko mtu mmoja. Lakini kundi lisilokuwa na utaratibu linageuka hatari kwa wale waliomo na kwa wale wanaopishana nalo. Kinga, kama wengi wanavyoita baiskeli, haina mlango wala mkanda. Anayeanguka anaanguka kwa mwili wake, na mfanyabiashara mdogo anaanguka pamoja na mtaji wake wote.

Chanzo cha kwanza cha ajali ndani ya kundi ni kukaribiana mno. Hesabu yake ni rahisi. Baiskeli inayokwenda kilomita 18 kwa saa inapita metre 5 kila sekunde. Mtu anahitaji karibu sekunde moja kuona hatari na kukamata freni. Maana yake, metre 5 zinakwisha kabla freni haijaanza kazi. Anayemfuata mwenzake kwa umbali wa metre moja tayari amechelewa. Tena mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kukamata freni unaongezeka mara nne. Mvua ikinyesha na freni zikilowana, hali inakuwa mbaya zaidi, hasa kwa mwenye gunia mbili nyuma.

Chanzo cha pili ni ukimya. Anayetangulia anaona shimo, anakwepa, anaendelea. Wa pili anakwepa kwa bahati. Wa tatu anaingia ndani. Mjini Uvira jambo hili lina uzito, kwa sababu maji yanayoshuka milimani wakati wa mvua huacha mchanga na mawe barabarani. Wakaaji wanakumbuka mafuriko ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kuua watu wengi. Barabara iliyokuwa nzuri jana inaweza kuwa na jiwe leo. Kwa hiyo anayetangulia ana deni: aseme kwa sauti kile anachokiona, na kila mmoja akirudishe nyuma mpaka kwa wa mwisho. Maneno machache yanatosha: shimo, mchanga, gari, mtoto, simama. Katika mji ambamo watu wanasema Kifuliiru, Kivira, Kibembe na Kirundi, heri kundi lipatane juu ya maneno hayo kabla ya kuondoka.

Chanzo cha tatu ni kujaza barabara. Watu wawili ao watatu wanaendesha sambamba ili wapate kuzungumza. Nyuma yao dereva anapiga honi, mbele yao mama mwenye beseni anasukumwa hadi kwenye mtaro. Mazungumzo yanaweza kungoja. Barabara ikiwa nyembamba, kila mmoja apite nyuma ya mwenzake, upande wa kuume.

Wapo wanaojibu kwamba mstari wa watu kumi na watano ni mrefu, na lori haliwezi kuupita kwa usalama. Hoja hiyo ni ya kweli, lakini dawa yake si kuendesha sambamba. Dawa ni kugawanya kundi: watano mbele, halafu nafasi ya kutosha gari kuingia, kisha watano wengine. Hivyo dereva anawapita kidogo kidogo, bila kulazimika kuingia ghafula katikati ya watu.

Kuna pia tabia ya kushika lori. Ng'ambo ya ziwa, nchini Burundi, inajulikana sana kwenye barabara inayopanda kutoka Bujumbura hadi Bugarama: wabeba ndizi hushuka kwa kasi kubwa wakiwa na mizigo, na wakati wa kupanda hushikilia nyuma ya malori. Hakuna anayefanya hivyo kwa mchezo. Wanafanya kwa sababu ya mlima na njaa. Hata hivyo, Mkataba wa Vienna wa 1968 juu ya mwendo wa barabarani unakataza mwendesha baiskeli kuvutwa na gari, na pia kubeba kitu kinachomzuia kuendesha ao kinachohatarisha wengine. Sababu ni wazi: dereva hamwoni aliye nyuma yake, na aliye nyuma haoni shimo lililo mbele ya lori.

Vijana wa mazoezi nao wana mfano wanaoupenda. Mwezi wa tisa 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika Kigali, kwa mara ya kwanza barani Afrika. Wengi waliona kwenye simu zao jinsi washindani wanavyokwenda bega kwa bega. Wanachosahau ni kwamba barabara zile zilikuwa zimefungwa. Kilibula haifungwi. Kule, anayebaki nyuma ameshindwa. Hapa, anayebaki nyuma ni ndugu, na inafaa angojewe kwenye daraja ao kwenye njia panda. Kundi linalomwacha mdhaifu wake peke yake jioni, bila taa, haliwezi kuitwa kundi.

Ni kweli kwamba madereva wana lawama yao. Wengi wanapita karibu mno na kwa mwendo mkali. Ni kweli pia kwamba serikali ina wajibu wa kutengeneza barabara na kuacha nafasi ya waenda kwa miguu. Madai hayo yaendelee. Lakini mtoto anayevuka barabara leo hawezi kungoja kazi hizo ziishe, na mbele ya mtoto huyo mwendesha baiskeli ndiye mwenye nguvu. Kengele ipigwe mapema na kwa upole, si kwa kumshtua mtu. Mwendo upunguzwe mbele ya shule, soko na kanisa. Na ikitokea kwamba mtu amegongwa, kundi lote lisimame. Kukimbia kunamwacha majeruhi bila msaada, na kunawachafulia jina wote wanaoishi kwa baiskeli.

Haya yote hayahitaji fedha wala kungoja polisi. Yanahitaji dakika tano kabla ya kuondoka: kupima freni, kukaza kamba, kuchagua atakayetangulia na atakayefunga nyuma, na kukumbushana maneno yale machache. Dakika tano haziharibu soko la siku. Ajali moja inaweza kuharibu mwaka mzima wa familia.